Mtulinga wa Kulia

Kazi ya kwanza niliyoajiriwa ilikuwa kuandika namba za magonjwa. Ulikuwa mwaka wa tatu baada ya Mapinduzi, nami nina miaka kumi na tisa. Nyumba ya uzazi niliyopangiwa ilikuwa jumba la mawe la ghorofa mbili, mwendo mdogo kutoka kwetu Mkunazini. Wenyewe walikwishaondoka na serikali ikalifanya mahali pa kuzalia. Juu walilala wazazi na watoto wao, kati palikuwa na chumba cha kuzalia, na chini, katika chumba ambacho zamani kilikuwa ghala ya wenye nyumba, ndipo tulipokaa sisi wawili wa kumbukumbu: mimi na mkuu wangu.

Mkuu wangu alikuwa mzee wa Kiarabu aliyefanya kazi ya ukarani tangu enzi za Mwingereza. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuuona. Baba yake alikuwa na mashamba ya karafuu, na yeye mwenyewe sasa hakuwa na kitu ila ile kazi na chumba kimoja Malindi. Alizungumza kidogo. Kila asubuhi alifuta meza kwa kitambaa chake mwenyewe, akapanga kalamu, akaniambia, "Bismillahi, tuanze."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwanamke akishajifungua, mkunga aliandika karatasi moja: jina, mahali atokapo, saa, mtoto mume au mke, uzito, na yaliyotokea. Karatasi ikishuka kwetu, mimi niliihamishia kwenye daftari kubwa, na mwisho wa mstari nikatia namba. Namba zilitoka katika kitabu kinene cha Kiingereza ambacho ndani yake kila maradhi ya binadamu yalikuwa na namba yake. Uzazi usio na tatizo ulikuwa na namba yake, na huo ndio tuliouita "kawaida". Mtoto aliyeumia wakati wa kuzaliwa alikuwa na namba nyingine. Akiumia ubongo au uti wa mgongo, namba moja. Akiumia mahali pengine popote, mkono, paja, mtulinga ule mfupa wa kati ya shingo na bega, yote yaliingia katika namba moja ya pili. Nilimuuliza mzee mbona mifupa yote imetiwa kapu moja, akasema waliotunga kitabu hawakutuuliza sisi.

Namba hizo hazikuwa za kupeleka juu kwa wakubwa tu. Daktari alikuja Jumanne na Ijumaa kutoka hospitali kubwa, Mchina mmoja mwembamba na mkalimani wake. Kila asubuhi mimi ndiye niliyetoa orodha ya wazazi wanaoruhusiwa kwenda kwao, na niliitoa kwenye daftari. Mwenye namba ya kawaida alitoka siku ya pili. Ambaye mtoto wake ana namba ya jeraha alibaki mpaka daktari amwone.

Nilikuwa na miezi mitatu kazini ilipoletwa karatasi ya mwanamke mmoja wa Kizimbani. Ilikuwa masika. Aliletwa na lori la shamba la serikali, amekaa na uchungu tangu juzi yake. Mimi nilimwona tu alipopandishwa ngazi, msichana wa rika langu, ameng'ata ncha ya kanga. Asubuhi ya pili karatasi yake ilikuwa juu ya meza yangu, mwandiko wa mkunga mkuu:

"Mtoto mume, mkubwa sana. Kichwa kimetoka, bega limekwama. Nimelitoa kwa mkono. Mtulinga wa kulia umevunjika, nimeusikia. Mtoto amechelewa kulia, kisha amelia vizuri. Mkono nimeufunga kifuani. Daktari amwone."

Nikafungua kitabu cha namba, nikaweka kidole kwenye ile namba ya majeraha, kisha nikamwonesha mzee, kwa kuwa sikuwahi kuiandika kabla. Akasoma karatasi mara mbili. Akainuka, akachungulia ukumbini, akarudi kukaa.

"Mwandikie kawaida," akasema.

"Lakini bi mkunga kaandika mtulinga umevunjika."

"Nimeona. Sasa nisikilize, mwanangu. Namba hii ikenda juu, ataulizwa mtu: nani kavunja? Mkunga ataulizwa, na baada ya mkunga tutaulizwa sisi. Wewe mtoto, hujui kuulizwa kulivyo. Mie najua. Karatasi yenyewe ipo, haitupwi. Mwandikie kawaida."

Siku zile neno "hujuma" lilikuwa halikai mbali na neno "kosa", na mzee alikuwa amekwisha kuulizwa mara mbili mambo ambayo hakunieleza. Nilimwelewa. Lakini nisimtwike yeye mzigo wote. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Niliandika namba ya kawaida, nikaitunga karatasi kwenye msumari pamoja na nyingine, na asubuhi ya pili jina la yule mwanamke likawa kwenye orodha ya wanaotoka. Mkunga mkuu hakuwapo, ilikuwa zamu yake ya kupumzika. Aliporudi alikuta kitanda kina mtu mwingine, akadhani daktari ameshamwona mtoto.

Wiki tatu hazikutimia.

Mwanamke alikuja dirishani kwetu kiasi cha saa nne asubuhi, mtoto amemfunika kwa kanga. Alikuwa peke yake, na hilo lilinishtua, kwa sababu mzazi aliye ndani ya arubaini hatembei mjini peke yake. Nilimjua kabla hajasema atokako.

"Hodi."

"Karibu."

"Nataka karatasi," akasema. "Karatasi ya kusema mtoto katoka hapa yu vipi."

Mzee akanyanyua macho. "Karatasi ya nini, mama?"

Akaifungua kanga na kutuonesha. Juu ya kifua cha mtoto, upande wa kulia, karibu na shingo, palikuwa na nundu ngumu kama kokwa ya ubuyu. Mtoto alikuwa mnene, amelala. Mwanamke akaeleza taratibu, macho chini, kama mtu aliyekwisha kulieleza jambo hilo mara nyingi. Siku aliyotoka, mkono wa mtoto ulikuwa umefungwa kifuani kwa kitambaa. Mkunga alimwambia mkono umeshtuka kidogo wakati wa kutoka, asiufungue mpaka daktari amwone. Kisha akaambiwa atoke, na daktari hakumwona. Alipofika kwa mumewe, mama mkwe akasema mtoto wa mtu hafungwi kama kuku wa sokoni, akaufungua. Ikapita wiki na siku kadhaa. Siku moja mkwe anamkanda mtoto mafuta, kidole kikagota kwenye nundu.

"Kanambia nimemlalia," akasema. "Kasema mfupa wa mtoto hauoti nundu bure, ati nina usingizi wa maiti, nimemlalia mjukuu wake nikamvunja, nikanyamaza. Nikasema mkunga alisema umeshtuka. Kasema kushtuka hakuleti nundu. Akamwambia mwanawe. Mwanawe kaniacha."

"Kakuacha?" nikauliza. "Ndani ya arubaini?"

"Talaka moja. Nipo hapa mjini, Ng'ambo, kwa mjomba wangu."

Mzee alifungua daftari. Sijui alitaka nini. Labda mikono yake ilizoea tu kufungua daftari mtu akiuliza. Alipitisha kidole mpaka kwenye mstari wake na kusoma kilichokuwapo, kwa sauti ile ile ya kila siku: "Hapa pameandikwa kawaida. Mtoto katoka mzima."

Mwanamke akasema, si kwa hasira, "Basi ni mie."

Akamfunika mtoto.

"Mie nilikuwa najiuliza," akasema. "Kuna siku niliamka nimemgeukia, mkono wangu uko juu yake. Basi ndiyo siku hiyo."

Akatuaga, akaondoka. Mimi nilikuwa nimekaa na kalamu mkononi. Ningeweza kumwita. Kutoka dirishani mpaka mlango mkubwa ni hatua kumi na mbili, nimezipita maelfu ya mara. Sikumwita. Nilimwogopa mzee, nikaliogopa daftari, na zaidi ya yote nilijionea haya mwenyewe.

Nilikaa hivyo mpaka adhana ya adhuhuri. Mzee alipokwenda kuswali nilitoa karatasi za mwezi ule kwenye kasha, nikaipata yake, nikapanda nayo juu.

Mkunga mkuu alikuwa mama wa makamo, Mkristo, wazee wake watu wa Bara. Mikono yake ilikuwa midogo kama ya msichana, na wazazi walisema ndiyo bahati yao. Nilimkuta anahesabu nepi zilizofuliwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umepanda huku leo?"

Nikampa karatasi. Nikamwambia yote, toka nilivyoandika mpaka mwanamke alivyoondoka. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha.

"Kwenye daftari uliandika kawaida?"

"Ndiyo."

"Nani kakwambia?"

"Nimeandika mwenyewe."

Nadhani alijua ni mzee. Akakaa juu ya kasha la nguo.

"Na mie nna langu," akasema. "Nilimwambia umeshtuka. Sikumwambia nimeuvunja. Mzazi mbichi ukimwambia mwanao kavunjika maziwa hukatika, ndivyo tulivyofunzwa. Nikasema daktari atamwambia, mtoto keshapona. Ningesema neno moja lile, huyu binti asingeachwa."

"Uliuvunja kweli, bibi?"

"Ulivunjika mkononi mwangu. Kichwa nje, bega limeshika mfupa wa nyonga ya mama, uso unageuka rangi. Pale huna dakika tatu. Niliingiza vidole nikauvuta mkono, nikasikia *ka*. Mtoto akatoka. Ningeuogopa mfupa, ningetoa maiti." Akasimama. "Kesho Ijumaa. Mwambie mjomba wake amlete."

Asubuhi yake, kabla sijafika kazini, nilipita Ng'ambo. Haikunichukua muda kuipata nyumba. Mwanamke aliyerudishwa na mtoto mchanga hujulikana mtaa mzima. Nilimwambia mjomba kwamba daktari anamtaka mtoto. Zaidi ya hapo nilishindwa kusema.

Daktari alimvua mtoto, akampapasa mtulinga kwa kidole kimoja, akamtekenya mkono wa kulia mpaka mtoto akaurusha. Akasema maneno mengi. Mkalimani akayafanya machache: "Mfupa umeunga. Hii nundu ni mfupa mpya, ndiyo dalili ya kuunga. Itakwisha yenyewe. Nundu ya ukubwa huu ina umri sawa na mtoto. Amevunjika siku ya kuzaliwa."

Mkunga akasema, akimtazama mwanamke, "Mie ndiye niliyemvunja, mwanangu. Sikukwambia. Nisamehe."

Mwanamke alimtazama mkunga, akamtazama mtoto, akauliza kwa sauti ndogo, "Sikumlalia?"

"Hukumlalia."

Daktari akauliza kitu, na mkalimani akatugeukia sisi tuliosimama mlangoni, mimi na mzee: kwa nini mtoto huyu hakuwemo katika orodha yake? Nilimsikia mzee anavuta pumzi. Nikasema nilikosea namba. Ilitafsiriwa. Daktari akasema neno fupi, wala hakuwa mkali. Mkalimani akasema, "Anasema sahihisha."

Basi. Hakuna aliyeulizwa. Tuliposhuka chini mzee alilifungua daftari mwenyewe, akaweka rula chini ya mstari, akanipa kalamu ya wino mwekundu. Nilikata namba ya kawaida kwa mstari mmoja ili isomeke bado, nikaandika namba ya jeraha juu yake, tarehe, na sahihi yangu. Mzee akaichukua kalamu na kutia sahihi yake pembeni ya yangu. Mwandiko haukuwa ule wake.

Jumapili mkunga aliniambia twende Kizimbani. Nilisema si kazi yangu. Akasema, "Kwani ya nani?" Tukapanda gari la shamba, yeye na mkoba wake, mimi na karatasi ndani ya bahasha. Mzee ndiye aliyenipa ruhusa ya kuitoa, kwa sharti nirudi nayo siku ile ile.

Mume alifanya kazi kwenye vitalu vya miche ya mikarafuu. Nyumba yao ilikuwa ya udongo, nyuma ya vitalu, uwanja umefagiwa. Mama yake alitukaribisha vizuri, akatupa maji, maana hakujua tumefuata nini. Mwanawe alikuwa anatengeneza jembe; akaja akakaa kizingitini.

Mkunga hakuzunguka. Alisema yeye ndiye aliyemzalisha mke wa kijana huyu, na kwamba mtulinga wa mtoto ulivunjika siku ile mkononi mwake, wala mke hakumlalia mtoto.

Yule bibi akaweka kata chini.

"Wewe ndiye uliyemvunja mjukuu wangu?"

"Ndiye mie."

"Na hukusema."

"Sikusema. Nilimwambia mkweo umeshtuka. Hilo ni kosa langu, nimekuja kulisema."

"Umekuja sasa! Mtu keshaachwa, nyumba imeshavunjika, ndo unakuja sasa!"

"Nimejua alkhamisi."

Bibi akageuka kwangu. "Na huyu?"

"Mie niliandika vibaya," nikasema. "Mtoto alipaswa kubaki mpaka daktari amwone. Nikamwandika mzima."

"Nyie watu wa mjini," akasema yule bibi, "mnatuandika mnavyotaka."

Nikaitoa karatasi kwenye bahasha.

Mume akauliza, "Usingemvuta mkono, ingekuwaje?"

"Angekufa," mkunga akasema. "Na mkeo huenda pia."

"Nipe hiyo karatasi."

Nikampa. Alikuwa anahudhuria darasa la watu wazima, akaisoma yeye mwenyewe, kidole chini ya kila neno, midomo inacheza. Ilimchukua muda mrefu. Alipofika "nimeusikia" alisimama hapo, akarudi nyuma kulisoma tena. Kisha akakunja karatasi kwa mikunjo yake ile ile, akanirudishia.

"Mama," akasema, "ulinambia kamlalia."

"Niliona nundu."

"Uliona nundu. Ukanambia kamlalia."

Bibi aliingia ndani, na tukaondoka bila kuonana naye tena. Gari lilichelewa, tukakaa ukingoni mwa njia, mkunga amevua viatu. Aliniambia katika kazi yake ya miaka yote mtulinga umemvunjikia mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, na mfupa wa paja mara mbili, wa watoto waliotanguliza miguu, na kila mmoja ameuandika. "Kuandika hakunishindi," akasema. "Kusema ndiko kulikonishinda."

Yaliyofuata niliyasikia vipande vipande. Mume alikwenda kwa mwalimu wake wa chuo cha Kurani kuuliza habari ya kumrejea mkewe. Mwalimu alimkaripia kwanza, akamwambia mwanamke haachwi akiwa katika damu ya uzazi, kisha akamwambia eda haijesha, anaweza kumrejea. Mume akaja Ng'ambo na mashahidi wawili. Kisheria mambo yaliisha pale, lakini mjomba alisema binti hatoki ndani mpaka aliyemtukana aje kumtoa. Siku kumi zikapita. Kisha yule bibi akaja, na inasemekana aliposhuka garini alikuwa amebeba ndoo ya samli na hakusema neno la kuomba radhi, alimchukua mtoto, akamtazama nundu, akamkabidhi mama yake, akasema, "Haya, twende kwenu." Binti akasema atakwenda, lakini si nyumba ile. Walikaa kwa jirani mpaka mume alipopata eka tatu za serikali upande wa pili wa Kizimbani, wakajenga kwao.

Kwetu chini, tangu siku ile, mzee hakuwahi tena kuniambia niandike nini. Nilianza kuandika jina la mfupa kwa penseli pembeni mwa namba, kwa kuwa namba peke yake haikusema: mtulinga, mkono, paja, kushoto, kulia. Hakuna aliyeniamuru, wala hakuna aliyenikataza. Baada ya mwaka na kitu mzee hakuja kazini, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Chumba chake Malindi kilikutwa kitupu, kimefagiwa. Watu walisema amevuka kwenda Mombasa, wengine Maskati. Kiti chake nikapewa mimi.

Yule mwanamke nilimwona tena mwanzoni mwa miaka ya sabini, miezi ya foleni za mchele, alipokuja ana mimba nyingine. Mkunga aliitoa karatasi yake ya zamani kwenye kasha, akaisoma, akamwambia mara hii hazai hapa, aende hospitali kubwa mapema kabla ya uchungu. Akenda, akazaa salama mtoto wa kike. Akiwa anarudi alipita kwangu kunisalimia, na mwanawe wa kwanza kamshika kanga. Mtoto mrefu, mikono yote miwili sawa. Nilimpapasa mtulinga wa kulia, nikatafuta ile nundu, nisiipate.

Nikamwambia mama yake, "Imekwisha kabisa."

"Zamani," akasema. "Hajaanza kukaa, ilikwisha." Kisha akacheka kidogo, akasema jambo ambalo sikumuuliza. "Lakini mie skulala naye tena. Toka siku ile, yeye kitandani na baba yake, mie chini kwenye mkeka. Hata huyu mdogo ntamlaza mbali. Najua skumlalia, bi mkunga kanambia, na daktari kanambia. Najua. Lakini nikimweka ubavuni usingizi hauji."

Akamtweka mtoto mchanga begani, akamshika mkubwa mkono, wakaenda zao kituoni kungoja gari.